Leseni 16, hosti 3, hesabu ikafika 96: kisa cha SQL Server kwenye mashine pepe

“Kaka, leseni zetu ni kore 16, mashine kuu inakula 8, kwa iyo bado tuna 8 za akiba.” Hayo ndo maneno niliyoambiwa siku ya kwanza na jamaa anayesimamia seva za kampuni moja inayotumia SQL Server, programu ya databesi ya Microsoft, na aliyasema kwa nia safi kabisa mana namba zote mbili ni za kweli. Risiti ya kore 16 (kore ni kiini cha kufanya kazi ndani ya prosesa) ipo, nimeishika mkononi. Mashine kuu, ambayo ni mashine pepe, yaani kompyuta ya kiprogramu ndani ya seva ya chuma, ina vCPU (prosesa pepe) 8, nimeiona kwa macho. Ila hiyo akiba ndo haikuwepo, na wiki ya pili ilipoisha tulikuwa na karatasi inayosema kwamba kwa jinsi klasta yao, lile kundi la seva zinazofanya kazi pamoja, ilivyojengwa walihitaji kore 96 za Enterprise, ile edisheni ya juu ya SQL Server. Nataka kueleza ilivyotoka 16 ikafika 96 na ilivyorudi chini, mana kuna watu wengi wako ndani ya hali hiyo hiyo saa hizi na hakuna mtu aliyewahi kuwaonyesha.

Jina la kampuni silitaji. Ni ya ukubwa wa kati, wafanyakazi kama 400. Sikuitwa kwa ajili ya ukaguzi, walikuwa wanataka kununua hosti ya nne, yaani seva ya chuma inayobeba mashine pepe, kwenye klasta yao ya VMware (programu ya kuendesha mashine pepe), na dada mmoja wa idara ya fedha akauliza swali ambalo wote wa IT hawakuwa na jibu lake: tukiongeza hii seva mpya, kuna programu yoyote ambayo gharama yake itapanda? Swali fupi tu, lakini ndo lililowaokoa.

Tuanze na historia mana bila hiyo hesabu haieleweki. Agosti 2016 walinunua leseni za SQL Server 2016 Enterprise, kore 16, kwa ajili ya seva moja ya chuma yenye prosesa 2 za kore 8 kila moja. Walizinunua pamoja na Software Assurance, ile SA, nyongeza ya kulipia inayokupa vesheni mpya na haki za ziada, ya miaka mitatu. Agosti 2019 SA ikaisha, wakaangalia bili ya kuihuisha wakaona ni gharama isiyo na faida, databesi inafanya kazi vizuri, hawana mpango wa kupandisha vesheni, wakaiacha. Kwa seva ile moja ya chuma huo uamuzi haukuwa na kosa lolote. Mwaka uliofuata wakahamia kwenye virtualizesheni: hosti 3, kila moja prosesa 2 za kore 16, yaani kore 32 kwa hosti, na DRS imewashwa kwa hiyo mashine pepe zinajihamisha zenyewe kutafuta hosti yenye nafasi. Seva ya zamani ikazimwa, databesi ikahamishiwa kwenye VM (mashine pepe), na leseni... hapo ndo hakuna aliyefanya kitu. Karatasi ilibaki kwenye faili ileile.

Sasa kanuni zenyewe, nazieleza kwa maneno ya kawaida. Kuanzia SQL Server 2012 Enterprise inauzwa kwa kore, zamani ilikuwa kwa prosesa na ndo mana wakongwe bado wanasema “tuna leseni ya prosesa mbili” kama kwamba inatosha. Leseni za kore zinauzwa kwa jozi, mbili mbili. Ukiwa na mashine pepe una njia mbili za kukata leseni. Ya kwanza unaikatia leseni hosti nzima, unahesabu kore zote za chuma, angalau 4 kwa kila prosesa. Ya pili unakatia VM moja moja, unahesabu vCPU za hiyo VM, na hata kama VM ina vCPU 1 au 2 bado utalipia 4, hiyo ndo sakafu, hamna chini ya hapo. Na hapa kuna jambo limewachanganya wengi: ukihesabu chuma, nyuzi za hyperthreading, ile mbinu ya kore moja kujionyesha kama mbili, hauzihesabu. Yule jamaa mwanzoni alinipa karatasi yenye 64 kwa kila hosti kwa sababu skrini ya vCenter, programu ya kusimamia klasta, inaonyesha prosesa za kilojiki 64. Ni 32. Ila ukihesabu kwa VM, unahesabu vCPU kama zilivyo, hata kama nyuma yake kuna uzi tu wa kore.

Baada ya hapo tukakaa chini tukaanza kuorodhesha. Yeye alisema VM zenye SQL ni 4. Tulipozunguka na skripti inayotafuta sevisi za SQL kwenye kila Windows tukapata 9. Sikushangaa, SQL huwa inaingia kwa mlango wa nyuma pamoja na programu nyingine. Kwenye kila moja tukaendesha kamstari kamoja tu, SELECT SERVERPROPERTY('Edition'), na hiki ndo kitu ambacho ningependa kila mtu akifanye leo kabla hajasoma mkataba wowote, mana kinachohesabiwa ni kile kilichoinstoliwa, ulichokusudia kuinstoli hakina nafasi.

Mashine kuu, Enterprise, vCPU 8, sawa. Ya pili yake, ile replika ya Always On (nakala hai ya databesi kwenye mashine nyingine), Enterprise, vCPU 8. Kisha seva ya ripoti, vCPU 4, jamaa akasema hiyo haina databesi, ina Reporting Services tu, ripoti zinavuta data kutoka kwenye replika. Nikamwambia hiyo nayo inahesabiwa. Kila kipande cha SQL Server ukikitoa ukakiweka kwenye mashine yake, iwe Reporting Services, Integration Services au Analysis Services, hiyo mashine inataka leseni yake kamili. Vikikaa pamoja na injini kwenye VM moja, leseni moja inavibeba vyote. Ukivitenganisha kwa sababu za kiufundi, ambazo mara nyingi ni nzuri, umetenganisha na bili.

Ikafuata ya uhasibu, vCPU 4. Alafu ya rasilimali watu, vCPU 2. Zote mbili jamaa aliziandika kama Standard, ile edisheni ya bei ya chini. Skrini ikajibu Enterprise Edition: Core-based Licensing. Alinyamaza kidogo, akaendesha tena. Jibu lilelile. Tukafuatilia, tukakuta kwamba kwenye foda ya pamoja kulikuwa na ISO (faili la kuinstolia) moja tu, ile ya volume, yaani ya wanaonunua leseni kwa mkataba wa jumla, waliyoshusha 2016, na ISO za volume zinakuja na ufunguo umeshajazwa, kwa hiyo kila aliyebonyeza next, next, next alipata Enterprise bila kuulizwa chochote. Aliyeinstoli hakuchagua. Mashine ya majaribio nayo hivohivo, vCPU 4, Enterprise. Zilizobaki tatu zilikuwa salama: ya wadivelopa ilikuwa Developer kweli, na mbili ndogo, ya mahudhurio na ya programu ya kufuatilia mtandao, zilikuwa Express ambayo ni ya bure ilimradi databesi moja isizidi GB 10 kwa vesheni zile.

Kwa hiyo mashine 6 zinazodai leseni. 8, 8, 4, 4, kisha ile ya vCPU 2 inayohesabiwa 4, na ya majaribio 4. Jumla 32. Wanazo 16. Hapo bosi wa IT alisema sawa, tumepungukiwa 16, tununue 16. Nami ningetamani iwe hivo, lakini bado hatujagusa suala la kuhama na hilo ndo moyo wa kisa hiki.

Leseni ya kore isiyo na SA imefungwa kwenye chuma kama mbuzi kwenye kigingi. Unaweza kumhamishia kigingi kingine, lakini sio kabla ya siku 90 kupita tangu umfunge pale. Kuna ruhusa moja ya mapema, hosti ikifa moja kwa moja, yaani chuma kimeharibika hakirudi. Kuzima hosti kwa ajili ya kuweka masasisho usiku sio kufa. DRS kusawazisha mzigo saa nne asubuhi sio kufa. VM ikihamia hosti B, hosti B inatakiwa iwe na leseni zake tayari zinazoibeba hiyo VM, na zile za hosti A haziifuati. Ile haki ya leseni kuifuata VM kila inapoenda, ndani ya kundi la seva, inakuja na SA peke yake. Ndo kitu walichokiacha 2019 wakati hawakihitaji, wakaja kukihitaji 2020 bila kukumbuka kwamba waliwahi kuwa nacho.

Kwa bahati vCenter yao ilikuwa imewekwa kutunza matukio siku 180, kwa kawaida huwa ni 30, kwa hiyo niliweza kurudi nyuma siku 90 na kuona. Tulitoa matukio yote ya vMotion, yaani ya VM kuhama hosti, tukayaweka kwenye spredishiti, safu moja VM, safu moja ilikotoka, safu moja ilikoenda. Nilikaa na yule jamaa tukapaka rangi, kijani hosti 1, njano hosti 2, bluu hosti 3. Mashine kuu peke yake ilikuwa imehama mara 11. Na zote sita, kila moja, ilikuwa na rangi zote tatu. Hakuhitaji nimweleze zaidi. Kama VM zote sita zinaweza kutua hosti yoyote, na kweli zimeshatua, basi kila hosti inatakiwa iwe na leseni za kubeba zote sita, 32 mara 3, ni 96. Tukajaribu njia ya pili, kukatia leseni chuma chote, kore 32 kwa hosti mara 3, nayo 96. Njia zote mbili zimekutana mahali pamoja, na hosti ya nne ingeipeleka 128. Ndo jibu la swali la dada wa fedha.

Naomba nisimame hapa kidogo mana kuna watu watasema hii ni hesabu ya kutisha watu. Hapana. Ni hesabu ya hali ilivyo, na ni vizuri kuifanya mwenyewe kabla hujafanyiwa. Mikataba mingi ya volume inampa mwenye programu haki ya kuhakiki kwa kutoa notisi ya siku 30, na ikionekana matumizi yasiyo na leseni yamefika asilimia 5 au zaidi, unalipa gharama za uhakiki na leseni pungufu unazinunua kwa asilimia 125 ya bei. Wao walikuwa mbali sana juu ya 5. Nikawashauri mambo mawili ya haraka: kwanza mwanasheria wao asome mkataba wao wenyewe, ule waliosaini, mana vipengele vinatofautiana, na pili kabla ya kununua chochote wapunguze wanachotumia. Kununua leseni za kufunika fujo ni kuilipia fujo.

Na kabla sijasahau, hii hesabu usiibebe ukaenda nayo kwenye databesi za Oracle. Kule kanuni zao ni nyingine kabisa, VMware wanaihesabu kama mgawanyo laini (wa kiprogramu, sio wa chuma) usiokubalika kupunguza hesabu, kwa hiyo wao wanataka kore za chuma, zikizidishwa na kigezo ambacho kwa prosesa za x86 ni 0.5, na ubishi wa hosti zipi hasa zihesabiwe ni mkubwa. Kisa chao kinataka makala yake.

Turudi. Kazi ya kupunguza ilianza na ile rahisi, ya majaribio. Developer ina kila kitu cha Enterprise na tangu 2016 ni bure, sharti lake isitumike kwenye prodaksheni. Hauwezi kuishusha Enterprise iwe Developer papo hapo, unachukua bekapu, unatoa, unainstoli upya, unarudisha. Ilichukua mchana mmoja. Zikaondoka 4.

Uhasibu na rasilimali watu tukaangalia grafu za mwezi mzima. Uhasibu inapanda mpaka asilimia 35 mwisho wa mwezi tu, rasilimali watu haifiki hata 10. Ukiikatia leseni VM unaweza kuweka ndani yake instansi (SQL Server zinazojitegemea) nyingi utakavyo, hesabu haibadiliki. Kwa hiyo tukaamua ziingie kwenye VM moja yenye vCPU 6, kila moja na instansi yake ili wasigombane kwenye mipangilio, na Reporting Services ihamie humohumo. Kuna mtu alipendekeza rasilimali watu ikatiwe ile leseni ya seva na CAL, ambapo unalipia seva na kila mtu anayeitumia, mana waajiriwa wa idara ile ni watatu tu. Ni wazo zuri mpaka ukumbuke kwamba wafanyakazi wote 400 wanaingia kwenye potali kuomba likizo na kuona hati ya mshahara, na potali inaongea na databesi kwa akaunti moja tu ya SQL. CAL haihesabu akaunti, inahesabu watu walio nyuma ya potali. 400. Tukaachana nayo.

Swali kubwa likawa mashine kuu. Je, inahitaji Enterprise kweli? Kila mtu alijibu ndiyo, na nilipouliza kwa nini, kila mtu alitaja kitu tofauti. Hapa natoa maoni yangu: naamini databesi nyingi zinazokaa kwenye Enterprise zilihitaji Enterprise zamani, sio leo. Mpaka 2016 SP1, furushi la kwanza la masasisho ya vesheni hiyo, iliyotoka Novemba mwaka ule, ukitaka kubana jedwali au kuligawa kwa patisheni ulilazimika Enterprise. SP1 ikavishusha vyote hivyo mpaka Standard. Usimbaji wa databesi nzima, TDE, ukashuka 2019. Standard inabeba mpaka kore 24 na GB 128 za kumbukumbu kwa vesheni hizo, na mashine kuu ilikuwa vCPU 8 na GB 96. Tukaendesha sys.dm_db_persisted_sku_features kwenye kila databesi, ni mwonekano unaokuonyesha vitu vilivyomo ndani ya databesi vinavyoifunga na edisheni, ukapatikana ubanaji tu. Yaani hakuna kizuizi.

Kilichobaki ni mambo matatu ya uendeshaji. Moja, kujenga upya indeksi bila kufunga jedwali, hiyo ni Enterprise tu. Walikuwa wanaifanya kila Jumapili usiku. Ila kupanga upya, ile REORGANIZE, haifungi jedwali kwenye edisheni yoyote, na Jumapili saa nane usiku hakuna mtu kwenye mfumo, hata ujenzi wa kawaida unapita. Mbili, replika inayosomeka. Tatu, kwenye Reporting Services kulikuwa na usambazaji wa ripoti unaovuta majina ya wapokeaji kutoka kwenye jedwali, na huo hauko Standard. Nikauliza unatumwa kwa nani. Watu watatu. Tukatengeneza usambazaji wa kawaida mara tatu, dakika ishirini kazi imeisha.

Replika inayosomeka ndo tuliyobishana muda mrefu, na ilistahili. Replika ikiwa imelala, inasubiri tu mashine kuu ianguke, SA inakupa haki ya kuwa nayo bila leseni, na tangu Novemba 2019 unaruhusiwa moja ya kusubiri hapohapo pamoja na nyingine kwa ajili ya maafa, hata bekapu na ukaguzi wa uzima wa databesi, ule wa DBCC, unaweza kuufanyia huko. Bila SA, kuanzia SQL Server 2014, hiyo haki haipo kabisa. Na hata ukiwa na SA, siku unapoanza kusoma ripoti kutoka kwenye replika, hailali tena, inafanya kazi, inadai kore zake zote. Wao ripoti za usiku zilikuwa zinasoma kule saa nane mpaka saa tisa kasoro. Kwa ajili ya hizo dakika arobaini kila usiku, kore 8 za Enterprise. Nikauliza mashine kuu inafanya nini saa nane usiku? Haifanyi kitu. Basi ripoti zisome palepale.

Tukaweka chaguo tatu mezani. La kwanza, kubaki na Enterprise na kununua upya pamoja na SA. Nasema kununua upya kwa sababu SA ikishakufa haifufuki, hauwezi kurudi baadaye ukainunua peke yake uipachike kwenye leseni za zamani, unanunua leseni na SA pamoja kama mteja mpya. La pili, kutumia zilezile 16 za kudumu, wazifunge kwenye hosti 1, na kwenye DRS waweke sheria ya lazima, sio ile ya ikiwezekana, kwamba VM za SQL zisitoke hosti 1 kamwe. Hilo halina gharama yoyote lakini hosti 1 ikizimwa kwa masasisho databesi nayo inazimwa, na replika hamna. La tatu, Standard mpya yenye SA, inayokatiwa kwa VM: 8 za mashine kuu na 6 za ile ya pamoja, 14, yaani jozi 7. Replika imelala, haihesabiwi, ilimradi isizidi kore za mashine kuu. VM zinahama popote, hosti ziwe 3 au 4 au 10.

Kore moja ya Enterprise ina bei ya karibu kore 4 za Standard. Kwa hiyo zile 14 za Standard ni kama kununua Enterprise chini ya 4. Nilipoiandika hivo kwenye ubao, 96 upande huu na “chini ya 4” upande ule, dada wa fedha aliomba nirudie kueleza mara mbili, kisha akasema anataka maneno “SA haikatiki” yaandikwe kwenye kalenda yake ya malipo. Na ni muhimu kweli, mana kuanzia SQL Server 2022 hauruhusiwi hata kukatia leseni VM moja moja kama hauna SA au usajili wa kulipia. SA ikikatika haupotezi kuhama tu, unapoteza njia yenyewe ya kuhesabu.

Wakachukua la tatu, na wakati manunuzi yanapitishwa wakaishi na la pili, kila kitu kimefungwa hosti 1, usumbufu wake wakauvumilia.

Kuhama kwenyewe hakukuwa laini kote. Standard ina vikundi vya Always On vya kawaida, databesi moja kwa kila kikundi, replika mbili tu, na ile ya pili haisomeki hata ukitaka. Hilo la mwisho mimi nalipenda, mana mtu akija mwakani na wazo la kusoma ripoti kule, mfumo wenyewe unamkatalia. Lakini databesi zao mbili zinategemeana, moja ikihamia replika na nyingine ikabaki, mfumo unasimama. Ikabidi tuweke alati kwenye Agent, kile kipande cha SQL Server cha kuendesha kazi zenyewe, inayosikiliza ujumbe namba 1480, ule unaotokea kikundi kinapobadilisha nafasi, ikiona kimoja kimehama inakivuta na cha pili. Tuliijaribu Jumamosi tatu mfululizo mpaka tukaiamini. Ripoti za usiku nazo wiki ya kwanza ziligongana na bekapu, zikatoka dakika 40 zikafika saa moja na zaidi, tukasogeza bekapu mbele, zikatulia. Na haki ya kuongeza vCPU kwenye VM za SQL imeondolewa kwa kila mtu isipokuwa wawili, mana kabla ya hapo mtu yeyote wa zamu akiona mashine imelemewa aliongeza, na kila vCPU mbili anazoongeza ni jozi moja ya leseni.

Kuna kitu kimoja kizuri tulikipata mwishoni ambacho hakuna aliyekitegemea. SA yao ilikuwa hai mpaka Agosti 2019, na SQL Server 2017 ilitoka Oktoba 2017, ndani ya muda huo. Ina maana zile kore 16 za zamani zina haki ya kudumu ya kuendesha 2017, hata kama hawakuwahi kuiinstoli. SQL Server 2016 usaidizi wake unafika mwisho Julai 14, 2026, ya 2017 inakwenda mpaka Oktoba 12, 2027. Idara ya takwimu ilikuwa inaomba databesi ya uchambuzi kwa muda mrefu, mzigo mzito lakini ikizimwa nusu siku hamna anayelia. Wakaipa vCPU 8 za hizo Enterprise, vesheni 2017, sheria ya lazima kwenye DRS, hosti 1 peke yake.

Hosti ya nne ilifika na kuwashwa bila kuongeza hata jozi moja ya leseni za SQL. Yule jamaa wa seva ndo aliyeiingiza kwenye klasta, na kabla ya kuruhusu DRS aliipa ile VM ya takwimu jina jipya ili zamu ya usiku isikosee: TAKWIMU-HOSTI1-TU.